Wikendi nje ya Kampala: mwongozo kamili kwa mwanafunzi mgeni na marafiki zake

Swali la kwanza kwenye kundi la WhatsApp huwa ni "tunaenda wapi?" Liacheni kwanza. Ulizeni hivi: Jumapili tutakuwa tumerudi saa ngapi, na kwa usafiri gani? Nimesoma Kampala miaka mitatu, Mtanzania kati ya Wakenya, Wakongo na Waganda wenyewe, na karibu kila safari yetu iliyoharibika iliharibikia kwenye kurudi. Kwenda ni rahisi. Ijumaa kila mtu ana nguvu, ana pesa na anacheka. Jumapili mchana ndipo mnapogundua kwamba gari halijai, simu mbili zimezima na Jumatatu saa mbili kuna mtihani.

Hatua ya 1: Anzeni kuhesabu kutoka Jumapili

Kanuni yetu ni kuwa Kampala kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kutoka hapo mnahesabu kinyumenyume. Barabara ya Jinja, mji wa mashariki, hufungwa na foleni Jumapili jioni, hasa kuanzia Mukono hadi Namanve. Ukitaka kuwa Wandegeya, mtaa wetu wa Kampala, saa kumi na mbili, uwe ndani ya gari Jinja saa nane mchana, tena gari lenye watu, siyo lile ambalo konda wake bado anangoja abiria wa mwisho.

Hesabu hiyo ndiyo itakayowachagulia mahali. Sehemu ya mwendo wa saa tatu au nne inafaa wikendi ya kawaida. Ikizidi saa sita, subirini sikukuu inayoangukia Ijumaa au Jumatatu. Uganda inazo za kutosha: tarehe 26 Januari, 8 Machi, 9 Juni, 9 Oktoba, na Idi zote mbili. Mnayopaswa kuichunga ni tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi, ya kuwakumbuka Wakristo waliouawa kwa imani yao. Mahujaji huja Namugongo, walikouawa wengi wao, kwa miguu kutoka pande zote, hata nje ya nchi, na upande huo wa mji gari huenda kwa mwendo wa konokono. Kama hamwendi Namugongo wenyewe, siku hiyo laleni.

Hatua ya 2: Watu wanne

Sababu ni ya kihesabu tu. Gari dogo la kukodi, ambalo hapa linaitwa "special hire", linabeba wanne. Wanne mnagawana vyumba viwili bila ugomvi. Mkiwa wanne na mmoja akaugua, mmoja anabaki naye na wawili wanatafuta dawa. Tulipokwenda saba, tulitumia Jumamosi nzima asubuhi kusubiriana: huyu anaoga, yule anatafuta vocha, wawili wamenuniana tangu Mukono.

Chagueni walau mmoja anayejua lugha ya huko mwendako. Rafiki yetu wa Bukoba, ambaye darasani hasemi neno, tulipofika Mbarara na Kabale aligeuka kuwa msemaji wa msafara, maana Kihaya chake na lugha za kule ni ndugu. Mwenzetu mwingine ni Msabaoti wa upande wa Kitale, na huko Kapchorwa, mashariki ya Uganda, ambako wenyeji ni ndugu wa Wasabaoti, alipokewa kama mtoto aliyerudi nyumbani.

Hatua ya 3: Pesa ikae kwa mtu mmoja

Hapa ndipo urafiki hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Teueni mweka hazina. Asiwe mchangamfu kuliko wote. Awe yule anayekumbuka kwamba ulimkopa 2,000 mwezi uliopita. Kila mtu amtumie mchango wake kwa simu kabla ya Jumatano usiku. Asiyetoa hadi hapo hayumo, hata kama ni mchumba wa mtu. Safari ya Jinja ya siku mbili tulichanga 120,000 kila mmoja, na tukaigawa mafungu manne: nauli, malazi, chakula na viingilio, na fungu la nne lisiloguswa. Hilo la nne lilikuwa 20,000 kwa kila kichwa, na hadithi ya fungu kama hilo katika safari nyingine inakuja.

Mweka hazina atoe fedha taslimu mara moja tu, akiwa Kampala. Kila mnapotoa pesa kwa wakala mnalipa ada ya mtandao, na juu yake kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Ukitoa vipande vipande, mara 20,000 mara 30,000, unalipia bure. Na visiwani au milimani unaweza kumkuta wakala hana fedha mkononi kabisa.

Usije ukababaika na sifuri. Mkenya ndiye hutishika zaidi, maana shilingi moja yake inakaribia 30 za hapa, na bei ya chakula cha mchana inasomeka kama kodi ya nyumba. Mtanzania naye hudanganyika kinyume: noti zinafanana kwa ukubwa wa tarakimu, anadhani thamani ni ileile, kumbe shilingi ya Tanzania ina thamani kubwa kuliko ya Uganda.

Hatua ya 4: Karatasi zinazokuokolea pesa

Bebeni pasipoti au kitambulisho cha taifa, na kitambulisho cha chuo. Siyo kwa ajili ya polisi tu. Hifadhi za taifa zina bei tofauti: ya mgeni wa mbali, ya mgeni mkaazi, na ya raia wa Afrika Mashariki. Sisi tunalipa kwa shilingi za Uganda, na tofauti siyo ndogo. Kuwaona sokwe wa milimani, mgeni wa mbali hulipa mamia ya dola, wakati mwananchi wa Jumuiya hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya hiyo. Lakini lazima uthibitishe uraia. Picha ya pasipoti kwenye simu wengine hukubali, wengine hukataa, na getini si mahali pa kubishana.

Hata kwa waendesha mashua na watembeza wageni binafsi, ulizeni mapema: "Bei ya Mwafrika Mashariki ni ngapi?" Mara nyingi ipo, ila hawaitaji mpaka uulize.

Hatua ya 5: Lugha, na Kiswahili chetu

Mtu anayetoka Dar au Mombasa hufika akidhani Kiswahili kitampeleka kila mahali. Sivyo. Katikati ya Uganda, kwa kabila la Baganda hasa, Kiswahili kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya askari, na wazee wengine wanakumbuka kilivyosikika usiku nje ya mlango wakati wa tawala za mtutu. Baraza la mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kinaelekezwa mashuleni, lakini sokoni mambo hayabadiliki kwa tangazo. Ukimwambia mama muuza ndizi "Hii bei gani?" kwa sauti ya Kariakoo, anaweza kukutazama tu.

Anza kwa Kiganda, hata maneno matano. *Gyebaleko ssebo*, au *nnyabo* kwa mwanamke: ni kama kumwambia mtu pole na kazi, na unalitoa kabla ya jambo lolote. *Ssente mmeka?* ni kiasi gani. *Salako* ni punguza kidogo. *Webale* ni asante. Ukitaka kushuka unaita *mu maaso awo*, hapo mbele. Baada ya salamu hiyo, ajabu, wengi hukujibu kwa Kiswahili wakicheka. Mbale, Kapchorwa na kaskazini ni tofauti. Huko Kiswahili kinafanya kazi tangu neno la kwanza.

Kuna maneno yetu wenyewe yatakayokupoteza. Teksi hapa ni daladala, gari la watu kumi na wanne. Posho ni ugali. Usimwambie mwenye mkahawa kwamba chuo kimechelewesha posho. Na roleksi si saa. Ni mayai ya kukaanga yaliyokunjwa ndani ya chapati. Saa, kwa bahati nzuri, wanahesabu kama sisi: *ssaawa bbiri* ni saa mbili.

Hatua ya 6: Kuondoka mjini

Lala na mkoba umefungwa. Saa kumi na mbili asubuhi bodaboda mpaka paki ya teksi, kila mtu na yake, helmeti kichwani. Kwenye paki usimfuate anayekuvuta mkono. Simama, soma kibao cha mahali, uliza abiria aliyeketi ndani nauli ni kiasi gani, kisha ndipo umsikilize konda. Nauli hupanda Ijumaa jioni na siku za sikukuu, hakuna dawa.

Angalia kama gari limejaa watu kweli. Nimewahi kupanda teksi iliyobakiza viti viwili, tulipoketi tu vijana wanne wakashuka wakaenda kukaa kwenye gari la jirani. Walikuwa chambo. Tazama mikoba: abiria wa kweli wa safari ndefu ana mzigo, hata mfuko.

Mkoba wako ukae mapajani. Na usivae nguo zenye madoa ya kijeshi, hata kofia. Hapa ni kosa kwa raia, na askari wa barabarani hawatakusikiliza ukisema ni fasheni.

Hatua ya 7: Mahali pa kwenda

*Jinja* iwe ya kwanza. Kilomita 80 tu, na njia yenyewe ni nusu ya safari. Mkishapita Mukono, gari likipunguza mwendo Namawojjolo, fungueni dirisha taratibu. Wachuuzi waliovaa makoti yenye namba watakuja mbio na vijiti vya kuku wa kuchoma, ini, na *gonja*, ndizi tamu zilizochomwa mpaka ganda lake la nje linakaribia kuwa karameli. Vijiti kumi vitaingia dirishani kwa mpigo, moja puani kwako. Chagua kwa macho kwanza: kuku anayetoa moshi, siyo yule anayeng'aa mafuta baridi. Shika namba ya koti akilini. Toa noti ndogo, maana gari huondoka ghafla na chenji ikabaki inakimbia nyuma yenu. Aliyekuwa na 50,000 kati yetu alikula kuku wa bei ghali kuliko wote Afrika Mashariki.

Baada ya hapo ni miwa ya Lugazi, kisha msitu wa Mabira unaofunika barabara pande zote mbili. Mkifika mto Nile, kuna daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018, na bwawa la zamani la Owen Falls, sasa Nalubaale, lililozinduliwa 1954. Piga picha ukiwa ng'ambo. Usielekeze simu kwenye bwawa wala kwa askari wanaolilinda.

Chanzo cha Nile unakifikia kwa mashua. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo 1862 na kusema amekigundua, jambo lililowashangaza Wasoga, wenyeji wa hapo, waliokuwa wakivua samaki. Maporomoko aliyoyaona yamezama chini ya maji ya bwawa, kwa hiyo mtakachoona ni mkondo unaochemka kidogo kati ya ziwa na mto. Wengine hukata tamaa. Mimi nilipenda kukaa kimya pale, nikifikiri kwamba maji hayo hayo yataonekana Khartoum na Kairo. Karibu kuna sanamu ya Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo.

Mnaotaka kutikiswa, kuna mitumbwi ya mpira kwenye maji makali. Ni ghali kwa mwanafunzi, lakini kwa sikukuu moja ya mwaka inafaa. Bila pesa hiyo, nendeni Itanda, kaskazini ya mji, mkaangalie mto ukijipiga kwenye miamba. Kiingilio ni kidogo. Msiende kutafuta maporomoko ya Bujagali kwa kufuata maelezo ya zamani. Yalifunikwa na bwawa lililozinduliwa 2012.

*Visiwa vya Ssese* ni 84 katika Ziwa Victoria, na kikubwa chake, Bugala, ndicho chenye mji wa Kalangala. Ratiba ya kawaida ya meli: inaondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana, na kurudi kutoka Kalangala saa mbili asubuhi. Mwendo ni saa tatu na nusu hivi. Meli hiyo huwa na siku zake za matengenezo, kwa hiyo mmoja wenu aulizie Alhamisi kabla hamjafunga mikoba. Kumbuka pia kwamba kwa ratiba hiyo kipindi cha Ijumaa mchana ni lazima mkikose, au muende Jumamosi mkalale usiku mmoja tu.

Sasa ile hadithi. Jumapili asubuhi, Kalangala, mwenzetu alirudi chumbani kuchukua chaja. Dakika kumi, alisema. Tulipofika gatini, meli ilikuwa mita thelathini kutoka nchi kavu na abiria wanatupungia kama jamaa zao. Hapo ndipo fungu la nne lilipofunguliwa. Kuna njia ya pili ambayo kila anayekwenda Ssese anapaswa kuijua kabla ya kuihitaji: gari kutoka Kalangala hadi Luku, upande mwingine wa kisiwa, kupitia mashamba ya michikichi, kivuko cha bure hadi Bukakata, gari hadi Masaka, kisha teksi ya Kampala. Inasomeka vizuri. Sisi Luku tulikuta foleni ya malori, kivuko kikaenda na kurudi mara mbili bila sisi, Masaka tulifika jioni, Kampala saa tano usiku. Mwenye chaja alilipia chakula cha njiani, Lukaya, na hakuna aliyemshukuru.

Njia hiyo ya Masaka ina mawili ya kufurahia mkiwa na muda: watengeneza ngoma wa Mpambire, na mstari wa ikweta Kayabwe. Yale maji yanayozungushwa kwenye beseni, kulia kaskazini na kushoto kusini, ni mchezo wa mkono wa anayemimina. Mlipe tu, anafanya vizuri.

*Sipi* iko kwenye mteremko wa Mlima Elgon, zaidi ya kilomita 270, hivyo ondokeni Ijumaa usiku kwa basi hadi Mbale au subirini sikukuu. Maporomoko ni matatu na refu kuliko yote linakaribia mita 100. Vaa viatu vyenye meno. Machi hadi Mei udongo ule ni sabuni. Chukua kijana wa hapo akuongoze, maana njia hupita kwenye mashamba ya watu. Kahawa mtaitwanga, mtaikaanga na kuinywa kwenye uwanja wa mtu, na mkiona vijana wanawapita mlimani wakikimbia, msijaribu kushindana: Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mjini Paris 2024, ni wa milima hiyo.

*Murchison*, hifadhi ya taifa yenye maporomoko, inahitaji gari lenu, kwa hiyo hapo kanuni ya wanne inavunjwa: tafuteni kumi au kumi na wawili mkodi basi dogo. Nile yote inajibana kwenye ufa wa mita 7 hivi kisha inaanguka. Ziwa *Bunyonyi*, karibu na Kabale, ni mbali, zaidi ya kilomita 400, siku tatu ndiyo kima cha chini.

Na mwisho wa mwezi, mfukoni hamna kitu? Bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, mkeka na chapati zenu. Au mbakie mjini mpande mnara wa msikiti wa Old Kampala. Juu pale ndipo utakapoelewa vilima vyote ulivyokuwa ukivipanda ukitukana.

Hatua ya 8: Maji

Nusu ya safari hizi ni za majini, kwa hiyo hili halina utani. Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, na zaidi ya watu 30 walikufa, wengi vijana waliotoka kufurahia wikendi. Kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi. Mwendesha mashua asiyekuwa na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, msipande, hata kama mmeshalipa. Livaeni na mlifunge kamba, kulikalia hakusaidii. Mashua ikianza kuonekana imejaa, shukeni kabla haijaondoka.

Ziwa Victoria na Nile vina kichocho. Ukioga, epuka kingo zenye majani na maji yaliyotulia, na baada ya wiki kadhaa mwambie daktari wa chuo kwamba uliogelea. Chandarua muulize mwenye nyumba kabla ya kulipia chumba, siyo saa nne usiku mbu wakishaimba.

Hatua ya 9: Jumapili jioni

Kabla ya kuachana, mweka hazina asome hesabu kwa sauti, palepale steji, hata kama mmechoka. Ikiachwa mpaka Jumatatu inageuka kesi. Baada ya safari yetu ya mwisho ya Jinja zilibaki shilingi 9,500. Tuligombana dakika tano tuzigawe vipi kwa watu wanne, kisha tukavuka barabara pale Wandegeya, tukaagiza roleksi nne zenye nyanya na kabichi, tukazila tumesimama.